Binti ataka kuunda roboti, shangazi aliachishwa kazi na mashine

Juma lililopita nilipokea barua ndefu kutoka kwa mzazi mmoja anayeishi mtaa wa Donholm hapa Nairobi. Ameniomba nisilitaje jina lake wala la shule anakosoma bintiye, nami nitamtii. Binti huyo yuko Kidato cha Tatu katika shule ya bweni huko Kaunti ya Bomet. Shule zilipofungwa alikuja nyumbani na karatasi yenye muhuri wa mwalimu mkuu. Karatasi inasema chama cha sayansi kinaunda timu ya roboti, na kila mzazi wa mwanachama anatakiwa kutoa shilingi 6,500 "za vifaa na safari".

Mzazi anauliza mambo matatu. Kwanza, pesa hizo ni halali? Pili, kila siku anasikia kwamba kuna wafadhili wa mambo ya teknolojia, mbona shule isiombe ruzuku? La tatu ameliandika chini kabisa, baada ya sahihi yake, kana kwamba aliona haya kulitaja. Dada yake mkubwa alichuma majani chai Kericho kwa miaka 19 kabla ya mashine kuletwa naye akaambiwa kazi imekwisha. Dada huyu ndiye humlea binti wakati wa likizo. Siku hizi akisikia habari za roboti hagombi wala hacheki. Hunyamaza tu.

Wasomaji wangu, nimeisoma barua hiyo mara tatu. Nianze na pesa, kwani ndizo zinazomkosesha mzazi usingizi Jumapili usiku.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 29, inakataza shule ya umma kutoza karo ya masomo. Ada nyinginezo zaweza kutozwa, lakini kwa idhini ya Waziri wa Elimu baada ya kushauriana na bodi ya elimu ya kaunti. Hata zikiidhinishwa, mtoto hawezi kufungiwa lango kwa sababu mzazi wake hakulipa. Tena sheria hiyo hiyo inasema asipokee mtu pesa za shule bila kutoa risiti rasmi. Kwa hivyo, ndugu yangu wa Donholm, uchukulie mchango huo kuwa wa hiari. Ukiwa nazo, toa, nawe udai risiti ya shule, si kikaratasi kilichochanwa kwenye daftari. Usizitume kwa simu ya mwalimu hata akiwa mtu mwema kiasi gani. Usipokuwa nazo, mwandikie mwalimu mkuu barua ya heshima umweleze, na binti aendelee na chama chake.

Lakini tusimwonee mwalimu mkuu. Serikali ilipanga kumlipia kila mwanafunzi wa sekondari shilingi 22,244 kwa mwaka, na mnamo Julai 2025 Waziri wa Fedha, Bw John Mbadi, aliwaambia wabunge kwamba Hazina haimudu kiasi hicho chote. Katika fungu hilo mna chaki, umeme, maji, vitabu na mishahara ya wapishi na walinzi. Hamna mahali palipoandikwa roboti. Basari nazo, ziwe za kaunti au za eneo bunge, hulipa karo ya mtoto mmoja mmoja. Haziwezi kununua mota ya chama. Wakati huo huo taifa linamwambia mwalimu huyo huyo awaandae watoto kwa teknolojia. KICD iliidhinisha mtaala wa kuandika programu za kompyuta mwaka 2022, na Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 walianza masomo, wengi wao wakitarajiwa kufuata mkondo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Mwalimu ameambiwa apike na hakupewa kuni.

Sasa hebu tuulize roboti yenyewe ni kitu gani. Wengi wetu tukisikia neno hilo tunafikiria jitu la bati lenye macho mekundu, kama katika filamu. Roboti ya shule ni kigari kidogo tu kinachoweza kukaa juu ya dawati. Kina mota za kuzungusha magurudumu, kina sensa za kupima umbali au kufuata mstari uliochorwa sakafuni, na kina kibao cha kompyuta kisichozidi kadi ya benki kwa ukubwa. Kibao hicho hupokea habari kutoka kwa sensa na kuziamuru mota. Mwanafunzi huandika amri, hujaribu, kigari hugonga ukuta, naye hurudi kuandika tena. Huko kugonga ukuta ndiko masomo yenyewe.

Vifaa hupatikana kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni sanduku la kigeni lenye kila kitu, ambalo ni rahisi kutumia na ni ghali. Sanduku la namna hiyo la LEGO hufikia shilingi 50,000 kabla ya usafiri na ushuru. Njia ya pili ni kununua vipande kimoja kimoja. Mwaka 2005 walimu na wahandisi katika mji wa Ivrea, Italia, walibuni kibao kiitwacho Arduino na wakaachilia michoro yake wazi, kila kiwanda duniani kikawa huru kukitengeneza. Ndiyo maana leo kibao cha aina hiyo waweza kukipata katika maduka ya vifaa vya umeme jijini Nairobi kwa bei isiyofika ya jozi ya viatu vya shule. Mota zake, nyaya na sensa ziko papo hapo kwenye kaunta.

Nalitaja hili mapema kwa sababu ndilo linaloamua ruzuku itafika wapi.

Wafadhili wapo, mzazi hakukosea. Huko Marekani mashindano makubwa ya roboti za shule za sekondari yaitwayo FIRST yalianza mwaka 1992 yakiwa na timu 28, katika ukumbi wa michezo wa shule moja jimbo la New Hampshire. Aliyeyaanzisha ni mvumbuzi Dean Kamen. Leo timu ni maelfu, na ada ya kujiandikisha peke yake imekuwa zaidi ya dola 5,000 kwa timu kwa msimu. Hakuna shule ya kawaida inayomudu hilo kwa mfuko wake. Kwa hivyo timu hubisha milango ya viwanda, mabenki na maduka ya mtaani, na shirika la anga za juu la NASA kwa miaka mingi limetoa ruzuku kwa timu, hasa zinazoanza. Lakini tangu mwanzo kampuni iliyofadhili timu haikuandika hundi tu. Ilitoa pia wahandisi wake wakae na wanafunzi jioni baada ya jioni. Pesa zilikuja pamoja na mtu anayejua kutumia bisibisi. Sehemu hiyo ya hadithi huku kwetu haijasimuliwa vya kutosha.

Mwaka 2017 Kamen alianzisha mashindano mengine ya mataifa, FIRST Global, mjini Washington. Zaidi ya nchi 150 zilialikwa, kila moja timu moja. Wengi mtawakumbuka wasichana wa Herat, Afghanistan, walionyimwa viza mara mbili wakaruhusiwa dakika za mwisho. Kenya nayo imewahi kupeleka timu. Ni jambo la fahari, ila hesabu ni rahisi: timu moja kwa taifa zima. Shule iliyoko njia ya Sotik au Mulot haiwezi kujenga chama chake juu ya tumaini la nafasi moja inayogombewa na nchi nzima.

Mlango ulio karibu zaidi ni ule ambao wazazi wa umri wangu tuliuita Science Congress. Siku hizi yanaitwa Maonyesho ya Sayansi na Uhandisi ya Kenya, yana kitengo cha roboti, na mtoto hupanda kutoka kaunti ndogo hadi kaunti, eneo, kisha taifa. Yapo pia maonyesho ya Young Scientists Kenya, yaliyofanyika kitaifa mara ya kwanza mwaka 2018 kwa msaada wa serikali ya Ireland. Ndugu zetu wa Tanzania waliwatangulia Wakenya kwa hilo. Young Scientists Tanzania ilianzishwa mwaka 2011, na washindi wake wamekuwa wakisomeshwa chuo kikuu na wakfu wa familia ya Karimjee Jivanjee. Kampala nako, mwaka huo huo wa 2011, Bw Solomon King Benge alianzisha Fundi Bots, akianza na kuwafunza wanafunzi kuunda roboti.

Maonyesho ya Ireland yenyewe, yaliyozaa haya ya kwetu, yalianza Dublin mwaka 1965, na shirika la ndege la Aer Lingus likayafadhili kwa zaidi ya miaka 30. Miaka 30, wazazi wenzangu! Mtoto aliyeshindana mwaka wa kwanza aliweza kumleta mwanawe akakuta jina la mfadhili ni lile lile.

Huku kwetu msaada aghalabu huja kama mvua ya mawe, kelele nyingi kwa muda mfupi. Mfadhili hupenda kununua vitu viwili, yaani sanduku na tiketi ya ndege, kwa kuwa hivyo vinapigwa picha. Nimehudhuria sherehe za kutosha za kupokea misaada kiasi cha kujua kwamba hundi ya mbao huwa kubwa kuliko pesa zenyewe. Betri ya kubadilisha haina picha. Nauli ya mwalimu anayerudi shuleni kila Jumamosi haina picha. Halafu sanduku nalo huzeeka. LEGO iliacha kuuza roboti yake maarufu ya EV3 mwaka 2021, na mwaka uliofuata ikatangaza kuufunga mradi wote wa Mindstorms. Shule iliyopewa msaada wa masanduku hayo, kipande kikivunjika, haina duka la kukimbilia. Shule iliyofundishwa kwa vipande vya kaunta hubadilisha kipande na kuendelea.

Kwa maoni yangu, basi, shule ikiomba ruzuku isiombe kubwa ya mara moja. Iombe ndogo ya miaka mitatu, na iandike bila haya kwamba sehemu yake ni ya vipuri na nauli. Mfadhili makini mwenyewe huuliza: pesa zangu zikiisha, chama kitaishi vipi? Anayejibu kwa kuonyesha orodha ya vipuri na majina ya walimu wawili humshinda anayejibu kwa shairi. Nasema walimu wawili kwa sababu mmoja akihamishwa, chama huenda naye katika sanduku la nguo.

Ni nani basi wa kuombwa huko Kericho na Bomet? Hapa ndipo swali la tatu la mzazi linapoingia, na siwezi kulikwepa.

Katika nchi ya majani chai neno mashine lina uzito ambao hatuuoni mjini. Mnamo Mei 2023 waandamanaji waliteketeza mashine za kuchuma majani chai katika mashamba makubwa ya Kericho. Mtu aliuawa katika vurugu hizo, polisi na wafanyakazi wakajeruhiwa. Miezi miwili kabla ya hapo jopo la kaunti lilikuwa limechunguza malalamiko, na mmoja wa wanachama wake akasema Kericho peke yake imepoteza kazi 30,000 katika muda wa miaka kumi kwa sababu ya mashine. Jopo lilitaka kiwango kiwekwe, mashine zivune sehemu na mikono iachiwe sehemu. Kampuni zilijitetea kwamba gharama zimepanda na bei ya chai mnadani haipandi nazo. Yote mawili yaweza kuwa kweli, na dada wa mzazi huyu bado hana kazi.

Mwaka huo huo wa moto, kampuni ya Lipton, iliyokuwa ikimiliki mashamba hayo, ilitangaza mpango wa chuo cha teknolojia ya chai pamoja na Chuo Kikuu cha Kabianga. Mwaka uliofuata ikatangaza kuyauza mashamba yake ya Kenya kwa kampuni ya Browns ya Sri Lanka, ambayo tayari ilikuwa imenunua yale ya James Finlay mwaka 2023. Hesabuni majina: Brooke Bond, iliyonunuliwa na Unilever mwaka 1984, kisha ekaterra, kisha Lipton, sasa Browns. Mchumaji aliyeanza kazi akiwa kijana amebadilishiwa mwajiri mara hizo zote bila kuhama kambi.

Je, shule ipokee pesa za kampuni ya chai kwa ajili ya roboti? Najua wapo watakaosema hizo ni pesa za damu. Mimi nasema ipokee. Pesa hizo zilitoka katika ardhi hiyo na katika mikono ya akina mama wa huko, na sioni sababu ya watoto wao kuzikataa. Lakini iandikwe mkataba wa miaka, wenye sahihi ya bodi ya shule, pesa ziingie akaunti ya shule, na wanafunzi wawe huru kuunda watakacho. Ahadi ya mdomo ya kampuni inayoweza kuuzwa kesho ni sawa na kuandika juu ya maji.

Tena mashamba makubwa siyo chai yote. Viko viwanda vya wakulima wadogo vinavyosimamiwa na KTDA: Litein, Kapkatet, Momul na Tegat kwa upande wa Kericho, Mogogosiek, Kapkoros, Kapset na Tirgaga kwa upande wa Bomet. Wenye hisa ni wakulima, na wengi wao ni wazazi wa wanafunzi hao hao. Hivi haviwezi kuuzwa Sri Lanka usiku mmoja. Najua wakulima wa magharibi mwa Bonde la Ufa wamekuwa wakilia kwamba bonasi yao iko chini kuliko ya wenzao wa mashariki, na kwenda kuwaomba pesa taslimu wakati huu ni kutafuta matusi. Shule iwaombe kitu kingine. Kila kiwanda kina fundi wa umeme na fundi wa mitambo wanaokesha na mota, mikanda, feni na boila. Kina pia ghala la mota zilizoungua na vyuma vilivyoachwa. Fundi mmoja, Jumamosi mbili kwa mwezi, na ruhusa ya kuchagua katika ghala hilo! Hiyo ni ruzuku ambayo haimo katika tangazo lolote, na ndiyo iliyozijenga zile timu 28 za mwaka 1992.

Na kazi ya kufanya iko tele. Majani yakifika kiwandani hutandazwa kwenye vitanda virefu vyenye feni chini ili yanyauke, kwa saa 12 au zaidi. Yakinyauka kupita kiasi au yakabaki na maji mengi, chai huharibika na bei hushuka. Sensa ya joto na unyevu ni miongoni mwa vipande vya bei ya chini kabisa kwenye kaunta ya Nairobi. Wanafunzi wanaoweza kuifunga sensa hiyo kitandani, wakaandika programu ya kupunguza kasi ya feni, wana mradi wa maonyesho ambao jaji wa kaunti ataelewa na mkulima ataelewa. Roboti ya kusukuma vibao vya plastiki mezani itaeleweka na jaji peke yake.

Nirudi kwa shangazi. Sitamdanganya mzazi kwamba bintiye akijifunza roboti kazi ya shangazi itarudi. Haitarudi. Lakini kuna jambo moja ambalo pengine binti halijui. Mashine iliyomtoa shangazi kazini siyo roboti. Ni wembe mkubwa wenye injini, unaonyoa kichaka kama kinyozi anavyonyoa kichwa, jani changa na jani kongwe pamoja. Haioni kitu. Mkono wa mchumaji hutafuta majani mawili na kichipukizi chake, huyakata na kuyatupa kikapuni kwa kasi ambayo macho ya mgeni hayafuati. Kuifundisha kamera itambue kichipukizi hicho katikati ya majani yanayofanana, yenye umande na kivuli, ni kazi ambayo wahandisi wa China na Japani wamehangaika nayo kwa miaka. Mwanamke aliyechuma kwa miaka 19 anajua jambo ambalo maabara hizo zinalitafuta.

Kwa hivyo likizo hii binti na aende kwa shangazi na daftari. Asiende kumweleza roboti ni nini. Amwombe amtembeze kwenye vichaka vya jirani amwonyeshe anachagua vipi: anatazama rangi, au urefu, au anajua kwa vidole? Siku za mvua hubadilika nini? Jani gani lilimfanya msimamizi amrudishe kutoka mizani? Timu ikifika kwenye maonyesho, jina la shangazi liandikwe kwenye bango pamoja na la mwalimu wa Fizikia. Akiendelea kunyamaza, anyamaze. Hiyo ni haki yake, na binti asimlazimishe kufurahi.

Zile 6,500 tumezizungumza, ila "vifaa na safari" katika mstari mmoja hapana. Mwandikie mwalimu mkuu akutenganishie: vifaa gani, vya aina gani, vinunuliwe wapi, na safari ya kwenda wapi. Uliza kama vifaa vitaandikwa kwenye daftari la mali ya shule. Halafu uulize kabati litakuwa chumba gani na ufunguo utakaa na nani Jumamosi, kwa sababu nimeona vyama vya sayansi vikifa vikiwa na kila kitu, mota mpya zikiwa ndani ya karatasi zake, na ufunguo uko kwa mtu aliyekwenda Eldoret.